NJOMBE NA MAKAMBAKO: CHAKULA KIPO, MVUA IPO, KILIKOSEKANA NINI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Darasa la leo ni la historia na ni refu. Kama uko kwenye daladala, lihifadhi ulisome ukifika nyumbani. Usisome mistari mitatu ukakimbilia kuandika maoni.

Kila tukizungumzia umaskini, majibu yenu huwa matatu. Wa kwanza anasema watu ni wavivu. Wa pili anasema ni ukame, ardhi haina kitu. Wa tatu anasema ni laana, watu wamemsahau Mola wao. Leo nataka nikupeleke mahali ambapo majibu yote matatu yanagoma. Ukitoka huko, utaniambia mwenyewe.

Fungua ramani ya Tanzania. Shuka kutoka Iringa kuelekea Mbeya. Baada ya Mafinga unafika njia panda kubwa inayoitwa Makambako. Ukinyoosha unakwenda Mbeya hadi Zambia. Ukikata kushoto unapanda Njombe, kisha unateremka Songea. Njombe mjini ni karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai baridi yake mtu wa Tanga hawezi kuielewa mpaka aionje. Mvua ni ya uhakika, na mto Ruhuji unapita mjini hapo hapo. Viazi mviringo unavyokula chipsi Dar es Salaam, kuna uwezekano mkubwa vimetoka huko. Kuna mahindi, maharage, ngano, chai, mbao, na siku hizi parachichi zinazopanda meli. Na uvivu? Nenda ukamwone mama wa Kibena au wa Kikinga saa kumi na mbili asubuhi kwenye ukungu, jembe begani na mtoto mgongoni, halafu rudi utamke neno "mvivu" mbele yangu.

Mkoa wa Njombe ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Iringa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 702,097, na ile ya 2022 ikahesabu 889,946. Kwa kipato peke yake Njombe haimo kabisa kwenye mikoa ya mkiani. Wapo watu wenye fedha kule. Wakinga wa Makete unawajua kwa biashara, maduka yao yamejaa Kariakoo.

Sasa sikiliza hili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulipima watoto walio chini ya miaka mitano. Njombe, nusu yao wamedumaa. Kila watoto kumi, watano ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu miili yao haikupata kilichotakiwa wakati wa kukua. Kwa nchi nzima ni watatu kati ya kumi. Jirani yao Iringa hali ni mbaya zaidi, asilimia 57. Yaani mikoa inayolisha miji yetu ndiyo yenye watoto waliodumaa wengi kuliko mikoa yenye ukame.

Na la pili: utafiti wa virusi vya UKIMWI wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe wana maambukizi, wakati taifa zima ni asilimia 4.4. Hakuna mkoa mwingine uliofikia hapo.

Chakula kipo, mvua ipo, bidii ipo. Mambo haya yana historia, na historia yenyewe inaanza mbali kidogo.

VITA YA KOROSANI

Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walipanda nyanda hizi wakafungua vituo Kidugala, Ilembula, Lupembe na Yakobi, karibu na Njombe ya leo. Wajerumani wenye bunduki nao walikuwa wakija na kodi ya kibanda. Septemba 1905, moto wa Maji Maji ulipofika kusini, Mbeyela, mtawala wa Wabena, aliungana na Wangoni wakaishambulia misheni ya Yakobi. Mmisionari aliyekuwa pale aliitwa Gröschel. Ulimi wa Kibena ulilirekebisha jina lake likawa Korosani, na mpaka leo wazee wanaviita vita vile vita ya Korosani.

Misheni haikuanguka. Kilichofuata mnakijua: askari wa Kijerumani walichoma mazao na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi kote kusini. Ninachotaka ukishike hapa ni kimoja. Baada ya vita, mtu aliyekuwa anatafuta herufi au dawa ya kidonda alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, nao ni mlango wa misheni. Serikali ilijenga boma na ikachukua kodi. Waingereza walipokuja hawakubadili sana. Miaka ya 1920 walianza kuzipa ruzuku shule za misheni zilizotimiza masharti, maana ilikuwa nafuu kwao kuliko kujenga za kwao. Zahanati vivyo hivyo. Hospitali ambazo hadi leo mgonjwa wa Njombe anazitaja kwanza ni zipi? Ilembula ya Walutheri. Ikonda kule Makete, iliyojengwa na Wakonsolata miaka ya 1960. Lugarawa kule Ludewa. Bulongwa. Zote ni za makanisa. Hii ni kazi yao na walifanya. Nitarudi kwetu baadaye, usiwe na haraka.

MANAMBA

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu vijana wengi hawaijui habari hii, na babu zao ndio walioiishi.

Mkoloni akitaka kodi kwa fedha taslimu, wewe unazitoa wapi? Kilimanjaro waliuza kahawa. Bukoba kahawa. Usukuma pamba. Nyanda za juu kusini hazikuwa na reli, barabara zilikuwa matope, na serikali haikuwa na haraka ya kuwaletea zao la biashara. Sababu yake si siri. Mashamba ya mkonge ya Tanga, Morogoro na Kilosa yalihitaji mikono, na mikono hutoka mahali ambapo watu hawana njia nyingine ya kupata fedha. Ukimpa Mbena kahawa, nani atakata mkonge? Kwa hiyo maeneo kama Njombe yakawa ghala la vibarua.

Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU. Watu waliandikishwa, wakapewa namba, wakapakiwa kwenye malori na mabehewa. Ndiyo asili ya neno "manamba": mtu aliyekuwa na jina na ukoo kwao, akifika shambani anaitwa kwa namba. Alipewa kadi iliyoitwa kipande. Ndani yake siku 30 za kazi, na alitakiwa azimalize ndani ya siku 42. Siku ambayo hukumaliza kazi uliyopimiwa haiandikwi. Mshahara hulipwi mpaka kipande kijae. Ukiugua malaria katikati, na mtu wa baridi ya Njombe akishuka Tanga malaria ilikuwa inamsubiri mlangoni, kipande kinakaa pale pale.

Sasa acha kumfuata mwanamume. Rudi nyumbani kwake. Nani alibaki? Mama. Mama analima, mama anapalilia, mama anachota maji bondeni, mama anabeba kuni, mama analea. Mtoto anaachwa na dada yake wa miaka saba, na uji anaopikiwa asubuhi unaliwa baridi hadi jioni. Hii haikuwa kwa mwaka mmoja, ilikuwa kizazi hadi kizazi. Wataalamu wa lishe wanapoeleza leo kwa nini mtoto anadumaa kwenye nyumba yenye gunia la mahindi, wanataja nini? Mtoto kulishwa mara chache kwa siku. Sahani yenye wanga mtupu, ugali na viazi, bila maharage, maziwa wala mboga ya kutosha. Mzigo wa kazi wa mama, hata akiwa mjamzito. Maradhi ya kuhara yanayotokana na maji. Na pombe, hasa ulanzi ule wa mianzi, ambao msimu wake ukifika hata watoto hupewa. Ukisikia "lishe duni" usifikiri ni ghala tupu. Saa za mama ndizo haba.

Na mume akirudi, au asiporudi? Njombe ilizoea kwa miongo mingi kwamba mwanamume yuko mbali. UKIMWI ulipokuja miaka ya 1980 ulikuta njia zimekwisha kuchongwa: wafanyakazi wanaokwenda na kurudi, vibarua wa mashamba ya chai na misitu, na njia panda ya malori Makambako. Makete iliumia mapema na ikaumia sana, nyumba zikabaki na bibi na wajukuu. Nasema hivi kwa sababu kuna wahadhiri wenzangu wanaozungumzia Njombe kana kwamba watu wa kule wana tabia mbaya kuliko wengine. Ogopa Mwenyezi Mungu. Kabla hujahukumu tabia ya watu, uliza ni nani aliyezitenganisha nyumba zao.

Nyongeza fupi hapa. Tohara, ambayo kwetu ni sunna tunayokua nayo, haikuwa desturi ya wengi katika nyanda hizi. Majaribio yaliyofanyika Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, ambayo matokeo yake yalitoka kati ya 2005 na 2007, yalionyesha kwamba inampunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa kwa takriban asilimia 60. Serikali ilipoanza kampeni kuanzia 2010, Iringa na Njombe zilikuwa mstari wa mbele, na wanaume wakapanga foleni, wakiwemo wenye ndevu za mvi. Huduma ilipowafuata bila malipo, waliipokea. Wanaosema "watu wa vijijini hawaelimiki" walifikirie hilo.

HUDUMA ZA WAPITA NJIA

Uhuru ulikuja 1961. Sasa tazama mambo makubwa yaliyoifikia Makambako baada ya hapo, na kila moja uliulizie swali moja: lilijengwa kwa ajili ya nani?

Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa dhuluma, na Zambia ikabanwa: shaba yake itapita wapi? China ikakubali kujenga reli. Kazi ilianza 1970, wakachimba na kujenga kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na 1976 TAZARA ikakabidhiwa. Kipande kigumu kuliko vyote ni kile kinachopanda kutoka Mlimba, bonde la Kilombero, hadi Makambako. Handaki baada ya handaki, daraja baada ya daraja, mvua na maporomoko ya udongo. Watu walikufa pale, Watanzania na Wachina. Reli ikafika Makambako. Kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya shaba ya Zambia.

Barabara kuu ya Zambia, lami yake ilikuja miaka hiyo hiyo. Kwa ajili ya nani? Jibu lile lile. Barabara ya lami ya Makambako hadi Songea ilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza. Ilikuwa ya kumfungulia mtu wa Ruvuma njia, na Njombe ikafaidika kwa kuwa katikati. Umeme mkubwa wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea uliwashwa 2018 kwa msaada wa Sweden, na mashine za dizeli za Songea zikazimwa. Hapo ndipo vijiji kadhaa vya kandokando ya njia vilipata mlango wa kuvuta umeme.

Sisemi ni vibaya. Alhamdulillah kwa yote. Makambako isingekuwa mji bila reli na barabara. Lakini ona mtindo wake: kitu kikubwa kinapita, na mwenyeji anaokota kinachodondoka. Anafungua hoteli, anauza mahindi ya kuchoma dirishani pa basi, anapata gereji. Reli unaweza kuiona kutoka uwanjani kwako huku bomba la maji halijafika. Ndivyo Makambako ilivyokaa miaka na miaka, mji wa treni, malori na mabasi ya nchi tatu, na akina mama wanatafuta maji kwa ndoo.

Kampuni nazo zilikuwa na mtindo wao. Mwaka 1949 shirika la Kiingereza la CDC lilianzisha TANWAT Njombe, mashamba makubwa ya miwati ambayo magome yake yanatengeneza dawa ya kusindika ngozi. Ilileta ajira, na ikachukua ardhi. Hilo ni darasa la siku nyingine.

MITA 400

Mwaka 1971 serikali ya Mwalimu Nyerere ilitoa ahadi ambayo ukiisoma leo unatikisa kichwa: ndani ya miaka 20, ifikapo 1991, kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka kwake. Mita 400! Pima kutoka mlangoni kwako.

Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Kuanzia 1973 hadi 1976 watu waliambiwa watoke kwenye vihame vyao vya milimani, wahamie vijiji vya pamoja kandokando ya barabara, na mkoa wa Iringa wa wakati ule ulikuwa miongoni mwa waliohamishwa kwa nguvu. Nyumba zilibomolewa, wengine zilichomwa. Hoja ya serikali ilikuwa moja: mkikaa pamoja tutawaletea shule, zahanati na bomba. Dhuluma ilitendeka, na hilo halifichiki. Lakini pia si kweli kwamba hakuna kilicholetwa. Mwaka 1977 elimu ya msingi ikawa ya wote. Shule zilijengwa kwa matofali yaliyofyatuliwa na wazazi wenyewe.

Na maji? Hapa kuna kisa ambacho kila mtu anayechangisha fedha za visima angepaswa kukijua. Wanging'ombe ni upande mkavu wa Njombe, tambarare iliyo kwenye kivuli cha mvua. Jirani yake kuna milima ya Kipengere yenye vijito visivyokauka. Kwa msaada wa UNICEF, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, maji yalikingwa huko juu yakashushwa kwa mabomba hadi makumi ya vijiji, bila pampu, bila dizeli, kwa uzito wa maji yenyewe. Ulikuwa miongoni mwa miradi mikubwa ya maji ya mserereko vijijini katika nchi hii. Wanakijiji walichimba mitaro kwa zamu. Wadenmaki nao wakafadhili miradi katika mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma. Mama aliyekuwa anatembea nusu siku akafungua koki.

Halafu? Maji yalikuwa ya bure, na bomba ni la serikali. Likipasuka, fundi anatoka wilayani. Wilaya haina mafuta ya gari. Vita vya Kagera vilikula fedha, bei ya mafuta duniani ikapanda, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 hazina ilikuwa tupu na nchi ikapiga magoti mbele ya wakopeshaji. Koki moja ikakauka, kisha ya pili. Mwaka 1991, mwaka ule ule wa ahadi ya mita 400, sera mpya ya maji ilitoka ikisema wananchi wachangie. Mwaka 1993 uchangiaji ukaingia hospitalini. Karo ya shule ikarudi. Mtu ambaye alikwisha poteza soko la mazao yake aliambiwa alipie dawa, daftari na ndoo kwa wakati mmoja. Karo ya msingi iliondolewa tena kuanzia 2001, ya sekondari kuanzia 2016. Kati hapo kuna kizazi kizima cha watoto waliotolewa darasani. Wengi wao wana umri wa wazazi sasa.

Nikutajie na lile lililofanikiwa, maana nalo limesahauliwa. Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe wa mkoa wa Iringa, Njombe ikiwa ndani yake, kwa fedha za Italia kupitia UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Uligusa vijiji 168. Haukuanza kwa kugawa unga. Ulianza na mizani. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku ya afya: watoto wote wanapimwa uzito, majibu yanasomwa mbele ya kamati ya kijiji, na kamati inaulizwa kwa nini mtoto wa fulani ameshuka. Je, mama yuko shamba la mbali? Nani atamlisha mchana? Wakaanzisha sehemu za kulishia watoto wakati mama wako mashambani. Utapiamlo mkali ukashuka sana ndani ya miaka michache, na wataalamu wa dunia wakaja kujifunza Iringa. Fedha zilipopungua, mizani ikalala, na leo tuko asilimia 50 na 57.

Ukitafakari, mpango ule uligusa kidonda cha manamba bila hata kukitaja: saa za mama.

LUMBESA

Hili nitalisema kwa ukali kidogo, mnisamehe, maana linawagusa Waislamu wafanyabiashara wanaonisoma.

Mkulima wa viazi wa Njombe hauzi kwa kilo. Anauza kwa gunia. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lakini gunia linalonunuliwa shambani limeshonewa kilemba juu, limevimba kama mjamzito wa miezi tisa, ndiyo lumbesa. Linapita kilo 100 mbali, na bei ni ya gunia moja. Serikali imepiga marufuku mara ngapi? Kila waziri anayeteuliwa anaipiga marufuku upya.

Hesabu ni rahisi. Kilo zilizo kwenye kile kilemba ndizo ada ya kliniki, ndizo sare ya shule, ndizo mafuta ya kula na dagaa wa mtoto aliyedumaa. Mkulima anazitoa bila kulipwa, msimu baada ya msimu, kwa sababu barabara ya kijijini kwake ni ya matope, lori limekuja moja, na akikataa viazi vinaoza. Kutengwa na huduma moja kunamfungulia mwingine mlango wa kumdhulumu katika nyingine.

Nabii Shuaib (a.s.) alitumwa kwa watu wa Madyan, na baada ya Tauhidi jambo alilowapigania lilikuwa vipimo. Hawakuwa watu wasio na biashara, walikuwa kwenye njia ya misafara. Makambako hasa! Sasa wewe unayepakia lori usiku, unaswali Alfajiri njiani, gunia lako lina kilo ngapi?

NA SISI JE?

Nilisema nitarudi kwetu. Katika sehemu nyingi za bara, Uislamu ulipanda na wafanyabiashara wa misafara na kurudi na vibarua waliotoka pwani na mashamba ya mkonge. Watu hawa hawakuwa na jumuiya Berlin ya kuwatumia fedha. Walijenga msikiti wa udongo na chuo cha mbao za Qur'ani, basi. Shule za misheni wengi walizikwepa wakihofia watoto kubatizwa, na hofu hiyo haikuwa ya kubuni. EAMWS, iliyoanzishwa 1945 chini ya Aga Khan, ilijenga shule na misikiti Afrika Mashariki. Desemba 1968 ilifutwa Tanzania, na BAKWATA ikaundwa kwenye mkutano uliofanyika Iringa, mwendo wa saa chache kutoka Makambako. Mwaka 1992 serikali na makanisa walitia saini makubaliano kuhusu huduma za elimu na afya, na tangu hapo sehemu kubwa ya darasa zetu ni kulalamikia makubaliano hayo.

Malalamiko mengine yana msingi. Lakini mimi nina swali jingine. Mama Mwislamu wa Njombe uchungu ukimshika usiku, anapelekwa Ilembula au Ikonda, na anapokelewa. Sisi katika miaka hii sitini tumejenga nini ambacho jirani yake Mkristo angekimbilia usiku?

Tunachimba visima, najua. Picha nazipokea kila wiki: bango lenye jina la mfadhili, mtoto ameshika kikombe. Rudi baada ya miaka mitatu uone pampu.

Mtume (s.a.w.) na wahajiri walipofika Madina, maji matamu yalikuwa ya kisima cha Ruma, na yalikuwa yakiuzwa. Asiye na fedha hakunywa. Uthman bin Affan (r.a.) alikinunua. Riwaya zinatofautiana juu ya mwenyewe na juu ya bei, na katika baadhi yake alinunua nusu kwanza, siku yake na siku ya mwenzake, mpaka akakimaliza chote. (Zile habari za akaunti ya benki na hoteli zinazozunguka mitandaoni siziingizi hapa.) Angalia alichonunua. Angeweza kununua ndoo mia akagawa. Yeye alinunua umiliki, akautoa wakfu, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumfungia mtu koki.

Zubaida, mke wa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 831, alivuta maji kutoka chemchemi za upande wa Hunayn na Nu'man hadi Makka kwa ajili ya mahujaji. Mfereji ule uliharibika na kukarabatiwa mara nyingi, na ulihudumia watu kwa zaidi ya miaka elfu. Uliweza kwa sababu kulikuwa na mali iliyotengwa kuulisha na watu waliokabidhiwa kuusimamia. Mabomba ya Wanging'ombe yalikuwa na kila kitu isipokuwa hicho. Na visima vyetu vya mabango havina hata mitaro iliyochimbwa na wenyeji.

Tangu 2019 sheria ya maji imeunda RUWASA kwa ajili ya vijijini, na vyombo vya watumia maji vya jamii vinakusanya fedha za matengenezo. Msikiti unaotaka kutoa kisima leo una mahali pa kukaa na kuzungumza: nani anakusanya, nani anashika ufunguo, na shamba gani la parachichi litawekwa wakfu kununua pampu ya pili. Ekari moja ya parachichi Njombe inaweza kufanya kazi hiyo.

Mwaka 2022 ilisainiwa mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo wa India wa dola milioni 500. Njombe, Makambako na Wanging'ombe zimo kwenye orodha. Mkopo huo tunaulipa sote, wa Tanga na wa Mtwara. Kwa hiyo basi likisimama Makambako, usinunue mahindi dirishani ukafunga kioo. Shuka. Muulize mama anayekuuzia chai ndoo moja ya maji ameipata kwa shilingi ngapi, na aliamka saa ngapi kuikinga. Kisha uniandikie hapa chini alichokujibu, kwa maneno yake.

Wabillahi tawfiq.